Rais wa Pwani

Kwa mwaka mmoja na nusu Pwani ilikuwa na rais wake. Nikiwaambia wajukuu zangu hivyo, hudhani nazungumzia Sultani wa Unguja, kwa kuwa wamesikia shuleni kwamba bendera yake nyekundu ilipepea Fort Jesus hadi 1963. La. Nazungumzia Mgiriama, mwalimu wa shule, mtu wa minazi hii hii ya Kaloleni ninamokaa nikiandika. Jina lake Ronald Gideon Ngala, na cheo chake kwa lugha ya katiba ya siku zile kilikuwa Rais wa Baraza la Jimbo la Pwani.

Nairobi kuna barabara yenye jina lake, imejaa matatu na maduka ya nguo. Vipingo kuna chuo cha utalii. Watu hulitaja jina hilo kila siku kama kituo cha kushukia gari, na mwenye jina amefichika nyuma yake. Mimi nilifanya kazi ya ukarani katika serikali za mitaa kwa miaka thelathini na minne, na kila ninapomkumbuka Ngala namtazama kwa jicho la mtu aliyezoea kufungua leja. Nauliza kiti kile kilikuwa na fungu gani la fedha, na ufunguo wa sanduku alikuwa nao nani.

Alizaliwa 1923. Miaka tisa nyuma, mwaka wa 1914, Waingereza walikuwa wamelipua Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, kwa baruti. Wazee waliomlea ndio waliokula kiapo na Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza, mwaka wa 1913, wakakataa kodi na wakakataa kuwatoa vijana wao kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya wazungu. Walichomewa nyumba, wakatozwa faini, wakaamriwa kuhama ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki. Mtoto aliyekulia kwenye maboma ya wazee wale hakuhitaji kufundishwa serikali ni nini. Serikali ilikuwa mtu mgeni aliyetoka mbali na daftari mkononi.

Alisoma kwa wamisionari hapa Kaloleni, akaenda Shimo la Tewa, kisha Alliance kule Kikuyu, kisha Makerere alikochukua diploma ya ualimu. Akarudi Pwani kufundisha, na baadaye akawa mwalimu mkuu. Mwaka wa 1949 kikatoka kitabu chake kidogo, Nchi na Desturi za Wagiriama, alichokiandika kwa Kiswahili akiwa na miaka 26. Mimi naona kitabu kile kinamweleza Ngala kuliko hotuba zake nyingi. Angeweza kuandika kwa Kigiriama, Wagiriama wamsome. Angeweza kuandika kwa Kiingereza, mabwana shauri wamsome. Alichagua lugha ambayo Mdigo wa Kwale, Mtaita wa Mbale na Mswahili wa Kibokoni wangeisoma sawasawa. Mtu yule alikuwa ameanza kuiona Pwani kama kitu kimoja kabla haijawa jimbo.

Katikati ya miaka ya 1950 aliingia baraza la manispaa ya Mombasa. Kisha ukaja uchaguzi wa Machi 1957, wa kwanza ambao Waafrika wa Kenya walijichagulia wenyewe wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa vinane kwa nchi nzima. Nairobi ilimtoa Tom Mboya, Nyanza ya Kati Oginga Odinga, Nyanza ya Kaskazini Masinde Muliro, Bonde la Ufa Daniel arap Moi, na Pwani yote, kuanzia Vanga mpaka Lamu na kupanda hadi Taveta, ikamtoa Ngala. Nasema ilimtoa, lakini baba yangu hakupiga kura siku ile. Ili uandikishwe ilikubidi uwe na elimu ya kiasi fulani, au mshahara, au mali, au utumishi wa miaka, na mwenye sifa nyingi aliweza kupewa hadi kura tatu peke yake. Baba alikuwa mgema. Alikuwa na kisu cha kugemea, kibuyu cha kufunga kiunoni, na minazi kumi na minane aliyoipanda mara mbili kwa siku. Hakuwa na kura hata moja. Jirani yetu, karani wa misheni, alikuwa nazo mbili.

Wale wanane walikataa nyadhifa za uwaziri mpaka Waafrika waongezewe viti, na wakashinda. Mwanzoni mwa 1960 walipokwenda Lancaster House, London, kujadiliana na waziri wa makoloni Iain Macleod, kiongozi wa ujumbe wao alikuwa Ngala na katibu wake Mboya. Mshauri wao wa sheria alikuwa Thurgood Marshall, Mmarekani mweusi ambaye miaka saba baadaye alikalia kiti katika Mahakama ya Juu ya nchi yake. Mwalimu wa Kaloleni ndiye aliyekaa mbele ya meza ile kwa niaba ya Waafrika wote wa Kenya. Sijui kwa nini vitabu vya shule hupita hapo mbiombio.

Mwezi wa Mei mwaka huo huo chama cha KANU kilizaliwa Kiambu, na Ngala akachaguliwa mweka hazina akiwa hayupo mkutanoni. Hakukichukua cheo hicho. Mwezi uliofuata, huko Ngong, vyama vidogo vya Pwani, vya Wakalenjin, vya Wamaasai na vya Waluhya wa Muliro viliungana vikawa KADU. Ngala akawa rais wake, Muliro makamu, Moi mwenyekiti.

Watu husema KADU ilikuwa chama cha woga, cha makabila madogo yaliyowaogopa Wakikuyu na Wajaluo. Woga ulikuwepo, sitaukana. Lakini kwetu woga ule ulikuwa na jina lake, nalo ni ardhi.

Shangazi yangu mkubwa aliolewa karibu na Mtwapa, ndani ya ule ukanda wa maili kumi ambao kwa mkataba wa 1895 Sultani aliukabidhi kwa Waingereza wautawale. Mwaka wa 1908 ilipitishwa sheria ya hatimiliki za ardhi, kila mwenye madai ndani ya ukanda aende aandikishe. Waarabu na Waswahili wengi waliandikisha. Mijikenda walikuwa na ardhi ya ukoo na ya kaya, wala haikuwa na jina la mtu mmoja la kuwekwa kwenye karatasi, kwa hiyo kisheria haikuwa na mwenyewe. Isiyo na mwenyewe ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Shangazi alizaa na kuzika kwenye shamba ambalo karatasi yake ilikuwa na mtu mwingine. Alilipa ijara kila mwaka. Aliruhusiwa kupanda mihogo, mahindi na kunde, vitu vya msimu. Mnazi hakuruhusiwa, wala mwembe, wala mkorosho, kwa sababu mti wa kudumu ni ushahidi, na anayepanda mti keshokutwa atasema pale ni pake. Nilipokwenda kwake likizo nikiwa mtoto nilishangaa kuona boma la Mgiriama halina mnazi hata mmoja wa kivuli. Nilimuuliza kwa nini. Akanionyesha mche mmoja wa mnazi nyuma ya choo, urefu wa goti, ameuficha kwa makuti makavu. "Huo wako, mwanangu," akaniambia, "Mungu akitaka."

Basi uhuru ulipokaribia, watu wa Pwani walikuwa na maswali ambayo watu wa bara hawakuwa nayo. Ukanda huu utakuwa wa nani? Kikundi cha Mwambao, chenye nguvu miongoni mwa Waarabu na Waswahili wa mijini, kilitaka ukanda ujitawale au urudi Unguja. Kwa Mmijikenda hilo lilikuwa jambo la kuogofya, kwa kuwa lingewaweka maskwota wote moja kwa moja mikononi mwa wenye hati. Ngala aliwapinga Mwambao bila kuyumba. Pwani ni Kenya, alishikilia. Lakini hakutaka pia ardhi ya shangazi yangu iamuliwe na waziri aliyekaa Nairobi. Jibu lake kwa pande zote mbili lilikuwa jimbo: Pwani ibaki ndani ya Kenya, na ndani ya Kenya iwe na baraza lake lenye sauti juu ya ardhi yake, shule zake na polisi wake. Mwaka wa 1961 Sir James Robertson aliyetumwa kuuchunguza ukanda alipendekeza uunganishwe na Kenya, na Oktoba 1963 waziri mkuu wa Kenya, Jomo Kenyatta, na mwenzake wa Unguja, Mohamed Shamte, wakatia sahihi. Nusu ya kwanza ya hoja ya Ngala ikawa imeshinda. Hiyo ya pili ndiyo iliyomtesa.

Kuna jambo katika historia yake ambalo sipendi kulikumbuka, lakini mwandishi wa daftari haruki ukurasa. Katika uchaguzi wa Februari 1961 KANU ilipata viti 19, KADU 11. KANU ikakataa kuunda serikali mpaka Kenyatta aachiliwe kutoka kizuizini. Gavana Renison akamgeukia Ngala, naye akakubali. Akawa kiongozi wa shughuli za serikali, na serikali yake ilisimama kwa msaada wa Michael Blundell na walowezi wenzake, pamoja na wajumbe wa kuteuliwa na gavana. Ngala aliweka sharti kwamba Kenyatta ajengewe nyumba Kiambu arejeshwe kwao, na kweli Agosti mwaka ule Mzee alitoka. Lakini doa halikutoka. Tangu siku ile, kila aliposema jimbo, wapinzani wake waliweza kusema kwamba neno lile amelishwa na wazungu wanaotaka kulinda mashamba yao. Walowezi kweli walilipenda neno lile kwa sababu zao wenyewe. Sababu za shangazi yangu zilikuwa nyingine, na hazikuwa na msemaji London ila yule mwalimu mmoja. Naamini alikosea kukubali kiti cha Renison. Alipata mwaka mmoja wa serikali, akapoteza imani ya nusu ya nchi kwa muda uliobaki wa maisha yake.

Mkutano wa pili wa Lancaster House, mwaka wa 1962, ulizaa katiba ya majimbo. Kenya ikagawanywa mikoa saba yenye mabaraza, mbali na eneo la Nairobi, na juu yake kukawa na Seneti yenye mjumbe mmoja kwa kila wilaya. Kwa mwaka mmoja Kenyatta na Ngala walikaa serikali moja ya mseto, wote wawili mawaziri wa nchi wenye dhamana ya mambo ya katiba, kila mmoja akivutia kwake.

Kisha ikaja Mei 1963, na hapo naweza kusema nilikuwepo.

Mvua ya masika ilikuwa imelegeza barabara yote. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, kazi yangu ilikuwa kubeba kigoda cha nyanya ili asisimame muda mrefu kwenye foleni. Safari hii hakuna aliyeulizwa mshahara wake. Baba alivaa shati jeupe alilovaa harusini, likiwa limepigwa pasi ya makaa mpaka kola ikasimama. Nyanya alivaa hando jipya, yale marinda mengi ya kitambaa cheupe, na juu akajitanda leso. Foleni ilianzia mlango wa darasa, ikazunguka mwembe, ikatelemka hadi barabarani. Kura zilikuwa tatu, ya baraza la jimbo, ya Seneti na ya Bunge, na baba alirudi shuleni pale kila mara na shati lile lile, akilifua usiku na kulianika juu ya jiko. Nyanya alitoka chumba cha kura akiwa ameshika kidole cha shahada kwa mkono wa pili, kama mtu aliyejikata, akasema kwa Kigiriama kwamba alikuwa mwali siku Kaya Fungo ilipolipuliwa, na leo ameulizwa anamtaka nani. Hakusema amemchagua nani. Hakukuwa na haja.

Nchini kote KANU ilishinda na Kenyatta akawa waziri mkuu tarehe 1 Juni. Lakini Pwani, Magharibi na Bonde la Ufa zilibaki mikononi mwa KADU. Moi akawa rais wa Baraza la Bonde la Ufa. Ngala akawa wa Pwani, na wakati huo huo mbunge wa Kilifi Kusini na kiongozi wa upinzani bungeni.

Sasa fungua leja. Kwa karatasi, jimbo lilikuwa na mamlaka mazito: serikali za mitaa, shule za msingi, afya, ardhi, kikosi cha polisi, watumishi wake. Kwa karatasi. Ili shule ipokelewe na jimbo, serikali kuu ilitakiwa ikabidhi faili, watumishi na fungu la mishahara. Ikachelewesha. Maafisa wa utawala waliendelea kupokea amri kutoka Nairobi kama walivyozoea wakati wa gavana. Mombasa ilikuwa na bandari inayolisha Kenya na Uganda, lakini ushuru wa forodha ulikusanywa na idara moja ya Afrika Mashariki nzima na kupelekwa kwa serikali kuu, jimbo likabaki likingoja ruzuku ya mtu asiyetaka liishi. Nimekuwa karani, najua jinsi kazi hii inavyofanywa. Huna haja ya kuvunja ofisi. Icheleweshee hundi tu. Mwezi wa kwanza dereva hana petroli, mwezi wa pili karani hana karatasi, mwezi wa tatu wananchi wenyewe wanasema ofisi ile haina maana.

Nje ya leja, watu walianza kuondoka. Mbunge mmoja baada ya mwingine aliinuka upande wa upinzani akaenda kuketi upande wa serikali, na kila aliyevuka alieleza kwamba maendeleo ya watu wake yako huko. Hakuwa anasema uongo. Maendeleo yalikuwa yamefungiwa huko. Serikali ikatangaza kwamba Kenya itakuwa jamhuri, kwamba majimbo yataondolewa meno, na kwamba Bunge likishindwa kuipitisha katiba mpya wananchi wataitwa kwenye kura ya maoni.

Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala alisimama bungeni akatangaza kwamba KADU imevunjwa na wanachama wake wanajiunga na serikali. Tarehe 12 Desemba Kenya ikawa jamhuri, na cheo cha Rais wa Pwani kikafa bila mazishi.

Baba alizipata habari sokoni. Alirudi nyumbani akala kimya, kisha akaenda kupanda minazi ya jioni kabla ya saa yake. Kwa miaka mingi baadaye, kila wazee walipokutana kwenye mangwe, swali lilirudi: Je, Mwalimu alituuza? Wapo waliosema aliahidiwa cheo. Wapo waliosema alitishwa. Mimi nina maoni yangu, na nimeyabeba muda mrefu. Ngala hakuuza. Ngala alihesabu. Alitazama nyuma yake akaona safu imebaki watu wachache, akatazama mbele akaona kura ya maoni ambayo angeshindwa, na baada ya kushindwa kungekuja hasira. Congo haikuwa mbali, nayo ilikuwa imewaka moto kwa sababu ya jimbo lililojitenga, na kila Mkenya mwenye redio alijua. Alichagua kusalimu akiwa bado na kitu cha kusalimisha. Lawama yangu kwake ni moja tu, nayo ni ya kikarani: alikabidhi bila kuandikiwa stakabadhi. Hakudai sheria moja ya ardhi ya Pwani, wala fungu moja la bandari, wala hati moja ya skwota mmoja. Alipokea shukrani za umoja wa taifa. Shukrani haziingii kwenye daftari.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mwaka wa 1966, katika mkutano wa Limuru uliomwondoa Odinga kwenye umakamu wa rais wa chama, KANU iliweka makamu wanane, mmoja kwa kila mkoa, na wa Pwani akawa Ngala. Akaingia baraza la mawaziri, akashika vyama vya ushirika na huduma za jamii, baadaye nguvu za umeme na mawasiliano. Seneti ikafutwa mwisho wa mwaka ule ule, na mwaka wa 1968 yakafutwa hata mabaki ya yale mabaraza ya majimbo. Yote hayo yalitokea Ngala akiwa waziri.

Tarehe 12 Desemba 1972, sikukuu ya Jamhuri yenyewe, gari lake lilipata ajali karibu na Konza, kwenye barabara ya Mombasa kwenda Nairobi. Dereva alisema nyuki waliingia garini. Ngala alilazwa hospitali ya Kenyatta, akafa tarehe 25 Desemba akiwa na miaka 49. Sikukuu ya Krismasi mgema hapumziki, wateja ni wengi kuliko tembo. Baba alikuwa juu ya mnazi wa saba redio ya jirani iliposoma habari. Nilikuwa chini nikipokea vibuyu. Niliona mkono wake umesimama na kisu hewani. Akateremka polepole, akafungua kibuyu kiunoni, akamimina tembo lote chini, penye shina. Kisha akavaa shati lake akaenda kuungana na wenzake. Hatukuuza tembo siku ile. Habari ya nyuki watu wengi wa hapa hawakuiamini, na wengine hawaiamini mpaka leo. Mimi sikuwepo Konza.

Mwaka huo nilikuwa nimeajiriwa karani mdogo katika halmashauri moja ya wilaya hapa Pwani. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupanga makabati. Yale ya shule za msingi, ya zahanati na ya barabara yalikuwa matupu, droo zake zinatoka kwa kidole kimoja. Kwa sheria iliyopitishwa 1969, tangu tarehe 1 Januari 1970 serikali kuu ilikuwa imezichukua kazi hizo tatu kutoka kwa halmashauri za wilaya. Pamoja nazo yalikuwa yameondoka mapato yake. Ndani ya droo moja nilikuta kadi za majina ya walimu, zimeandikwa kwa wino wa buluu kwa mkono mzuri sana, zimefungwa kwa kamba ya katani. Hakuna aliyekuja kuzichukua. Mkubwa wangu aliniambia nigeuze upande wa nyuma tuandikie ushuru wa soko, nami nikageuza. Kwa miaka mitatu hivi niliandika mafungu ya ndizi na madebe ya mbata nyuma ya majina ya walimu.

Huko nje, neno lenyewe likaanza kuoza. Mwenyekiti wa KADU wa Ngong, Moi, akawa rais wa nchi 1978, akatawala miaka 24, na mwaka wa 1982 Kenya ikawa kisheria nchi ya chama kimoja. Vyama vingi viliporudi, wanasiasa wa upande wa serikali walilifufua neno majimbo, lakini safari hii katika midomo yao lilikuwa na maana ya nani ahame. Kule Bonde la Ufa watu walichomewa nyumba. Agosti 1997 ikawa zamu ya Likoni. Majirani walioishi ua mmoja kwa miaka ishirini waliuawa kwa sababu majina yao yalitoka bara. Nililia kwa ajili ya watu wale, na nilimlilia pia mzee wangu Ngala, maana katiba aliyoipigania iliandika nani atalipa mshahara wa mwalimu na nani atasimamia ardhi, wala haikuandika kwamba Mkikuyu afukuzwe Likoni. Baada ya Likoni hukuweza kulitamka neno lile mbele ya watu waungwana. Waliokuja kudai kitu kile kile walilazimika kutafuta neno jingine. Wakasema ugatuzi.

Katiba ya ugatuzi ilitangazwa tarehe 27 Agosti 2010. Pwani ikapata kaunti sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Seneti ikafufuka. Nilikuwa nimestaafu, lakini nilinunua nakala ya katiba siku ile ile, na sikuanza kusoma utangulizi. Nilikwenda kwenye sura ya fedha za umma. Kifungu cha 203 kinasema kaunti zitapata si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa hesabu ya mwaka wa mwisho iliyokaguliwa na kupitishwa na Bunge. Nilikisoma mara tatu. Kisha nikachukua kalamu nyekundu, ile niliyotumia miaka yote kufungia hesabu za mwisho wa mwezi, nikapiga mstari chini ya neno "si chini ya". Stakabadhi ile aliyokosa kuandikiwa Ngala ilikuwa imeandikwa, miaka arobaini na sita baadaye, na asilimia yake imetajwa.

Ardhi haijatengenea hivyo. Tume ya Ndung'u iliandika mwaka wa 2004 jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu wenye nguvu kinyume cha sheria, na viwanja vya ufukweni vimo ndani. Watoto wa shangazi bado wanangoja hati. Ule mche wa nyuma ya choo uliota, ukazaa, ukakatwa na mwenye shamba mwaka wa 1971.

Tarehe 4 Machi 2013 nilitoka nyumbani saa kumi usiku kwenda kupiga kura, kwenye shule ile ile. Mwembe haupo, kuna tangi la maji. Karatasi za kura zilikuwa sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi, kila moja na rangi yake, na ukutani walikuwa wamebandika mifano. Mbele yangu alisimama mama mzee kuliko mimi, ameegemea fimbo, amejitanda leso mbili kwa ajili ya umande. Aliitazama mifano ile muda mrefu. Akamuuliza kijana aliyevaa kizibao cha tume:

"Mwanangu, ya jimbo ni ipi hapo?"

Kijana akamjibu kwa adabu, "Hakuna ya jimbo, nyanya. Jimbo halipo siku hizi."

Mama akageuka akanitazama mimi mwenye mvi. Nikamsogelea, nikamwekea kidole kwenye ile ya buluu, ya gavana.

"Hii hapa, mama," nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akakaza leso, tukaendelea kungoja mlango ufunguliwe.